Kichunguzi king'aacho: namna ya kueleza kwa Kiswahili molekuli zilizo ndani ya seli hai

Utangulizi

Wenzetu wanaosoma biolojia waliniomba niwasaidie kuandika kwa Kiswahili maelezo ya somo wanalofundishwa kwa Kifaransa: jinsi wataalamu wanavyotumia mwanga kufuata molekuli ndani ya seli iliyo hai. Maelezo hayo yalikuwa ya wanafunzi wa sekondari, ambao wengi wao husoma sayansi kwa Kifaransa na kuijadili kwa Kiswahili mara tu wanapotoka darasani. Neno la kwanza lililonisimamisha lilikuwa "sonde". Kamusi mbili zilinipa majibu manne, na kila jibu lilimpeleka msomaji mahali tofauti.

Katika makala hii ninatetea wazo moja: jina la kitu cha kisayansi haliwezi kuchaguliwa vizuri kabla ya kuelewa kitu hicho kinafanya kazi gani, na tukishaielewa, sarufi ya Kiswahili inatusaidia kuliko kamusi. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006 inataja Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa. Heshima hiyo itabaki katika karatasi ikiwa sisi wa kitivo cha lugha hatuwezi kumweleza mtoto wa sekondari kinachotokea chini ya hadubini.

1. Tatizo la mtazamaji

Seli hai karibu yote ni kama maji: mwanga unapita ndani yake bila kuacha alama kubwa. Hadubini ya kawaida inatuonyesha ukuta wake na kiini chake, lakini ndani yake mna maelfu ya aina za protini, na kwa jicho zote zinafanana. Fikiria umesimama juu ya kilima usiku, chini yako kuna soko lisilo na umeme. Unajua kwamba watu wamo, lakini hujui nani yuko wapi. Mtu mmoja akiwasha taa na kutembea nayo, utajua njia anayopita, anaposimama, na hata anapokutana na mwenye taa ya rangi nyingine. Vifaa ninavyovizungumzia vinafanya kazi hiyo: vinaipa taa molekuli moja kati ya nyingi.

Taa yenyewe inatokana na tabia ya pekee ya baadhi ya vitu. Mwaka 1845 John Herschel, mtaalamu wa Uingereza, alieleza kwamba maji yaliyotiwa kinini hayana rangi, lakini yakipigwa na jua huonyesha mng'ao wa buluu. Ni kinini ile ile tunayoijua kwa malaria, inayotoka katika magome ya mti unaolimwa hata huku kwetu Kivu. Mwaka 1852 George Gabriel Stokes alieleza sababu: kinini inapokea mwanga usioonekana kwa macho, ulio ng'ambo ya rangi ya urujuani, kisha inatoa mwanga mwingine unaoonekana. Sehemu ya nguvu iliyopokelewa inapotea kama joto, ndiyo maana mwanga unaotoka una nguvu ndogo kuliko ule ulioingia, na rangi yake ni nyingine.

Jambo hili si geni kwetu. Ukipeleka noti za dola katika benki au duka kubwa, huenda zikawekwa chini ya taa ya urujuani. Uzi uliomo ndani ya noti halali ya dola 20 unang'aa kijani, na wa dola 5 unang'aa buluu. Taa inatoa mwanga wa aina moja, uzi unarudisha wa aina nyingine.

Tofauti hiyo ya rangi ndiyo siri ya hadubini hizi. Seli inamulikwa kwa mwanga wa buluu, kwa mfano, na mbele ya jicho panawekwa kichujio kinachozuia buluu yote na kuruhusu kijani tu. Vitu vingine vyote vinabaki gizani. Kile kilichogeuza buluu kuwa kijani ndicho peke yake kinachoonekana.

2. Vitenzi vinne vya mwanga

Kabla ya kutafuta nomino, tuangalie vitenzi. Kiswahili kinatofautisha mambo ambayo mwanafunzi mara nyingi huyachanganya.

Kumulika ni kupeleka mwanga juu ya kitu. Mwenye kumulika ni taa au jua. Kinachomulikwa kinapokea tu.

Kuakisi ni kurudisha mwanga ule ule uliopokelewa, kama kioo au maji ya ziwa yaliyotulia.

Kuwaka ni kuwa na moto au mwanga unaotoka ndani ya kitu chenyewe. Mdudu kimulimuli, ingawa jina lake linatoka katika kumulika, kwa kweli anawaka: mwanga wake unatokana na kemia ya mwili wake, na hahitaji taa ya nje.

Kung'aa ni kutoa au kuonyesha mwanga kwa namna inayovutia jicho, bila kusema umetoka wapi.

Kinini haiakisi, kwa sababu mwanga inaoutoa si ule uliopokelewa. Haiwaki pia, kwa sababu ukizima taa, mng'ao unakoma. Kinachobaki ni kung'aa, na tunapaswa kuongeza maelezo: kinang'aa kikimulikwa, na kwa rangi nyingine. Hali hiyo wataalamu huiita floresensi.

Baadhi ya wenzangu wanasema neno floresensi linathibitisha umaskini wa Kiswahili. Tuangalie lilikotoka. Stokes mwenyewe ndiye aliyelitunga, na alilichukua kutoka katika jina la jiwe, floraiti, ambalo baadhi ya vipande vyake huonyesha tabia hii. Kwa hiyo hata katika lugha yake ya kwanza neno hilo halielezi chochote. Linataja tu jiwe. Mfaransa analielewa kwa kufundishwa, nasi pia tutalielewa kwa kufundishwa. Tofauti ni kwamba sisi tunapofundisha tuna vitenzi vinne vya kusaidia. Ninapendekeza tukope nomino na tueleze kwa vitenzi vyetu.

3. Majina yanayopotosha

Sasa turudi kwenye "sonde". Nilisikia majina manne yakitumiwa.

La kwanza ni sonda. Ni jepesi, lakini katika hospitali zetu sonda ni mrija unaoingizwa mwilini mwa mgonjwa ili kutoa mkojo au kupitisha chakula. Msikilizaji atafikiri kwamba seli inatobolewa kwa mrija.

La pili ni kipimo. Neno hilo tayari lina kazi nyingi: kipimo cha damu, kipimo cha dawa, kipimo cha unga sokoni. Aidha, vifaa vingine vya aina hii havipimi chochote. Vinaonyesha mahali tu.

La tatu ni dawa. Katika Kiswahili cha kila siku, kila kitu cha kemia chaweza kuitwa dawa, hata cha kuua wadudu. Lakini mgonjwa au mzazi akisikia kwamba seli za damu "zimetiwa dawa", atauliza kama dawa hiyo inaponya. Haiponyi.

La nne ni rangi. Hili lina haki yake mahali fulani. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza hadubini za floresensi zenye taa za LED kwa kutafuta kifua kikuu katika makohozi. Huko makohozi hupakwa juu ya kioo na kukaushwa, bakteria hushikishwa rangi iitwayo auramini, nao hung'aa juu ya uwanja mweusi. Bakteria hao wamekufa, nayo auramini imewakalia kama rangi inavyokalia kitambaa. Kusema rangi hapo ni sahihi. Katika seli hai neno hilo halitoshi, kwa sababu kifaa hakikai tu. Kinasafiri pamoja na molekuli, au kinabadilika kinapokutana nayo.

Jambo la kupendeza ni kwamba "sonde" ya Kifaransa ina maana ya zamani ya baharini: ni uzito unaofungwa kwenye kamba na kushushwa majini kujua kina. Mabaharia wa pwani ya Waswahili wana kifaa hicho hicho, nao hukiita bildi. Picha ni nzuri: unashusha kitu kidogo mahali ambapo jicho halifiki, nacho kinakuletea habari. Lakini msomaji wa Kisangani au Lubumbashi hajui bildi, na istilahi inayohitaji istilahi nyingine haimsaidii.

Nimechagua kichunguzi. Kiambishi ki- kinaonyesha chombo, kama katika kichujio na kifuniko. Mzizi unatoka katika kuchunguza, kitenzi ambacho kila mwanafunzi anakijua. Jina hilo linaacha wazi swali la namna ya kuchunguza, na namna zenyewe ni kadhaa.

4. Vichunguzi vitatu na kazi zake

Mfano wa kwanza ni fura-2, molekuli ndogo iliyotengenezwa na Roger Tsien na wenzake na kuelezwa mwaka 1985. Inachunguza kalsiamu. Katika seli iliyotulia, kalsiamu iliyo huru ni kidogo sana, karibu mara 10,000 chini ya ile iliyo nje ya seli. Seli ya moyo inapokazana, kalsiamu hiyo hupanda kwa ghafula, kisha hushuka. Fura-2 ikiwa haina kalsiamu hupokea vizuri zaidi mwanga wa nanomita 380. Ikiishika kalsiamu hupokea vizuri zaidi ule wa nanomita 340. Mtaalamu humulika kwa mwanga mmoja, kisha kwa mwingine, na kulinganisha majibu. Kama sehemu moja ya seli ni nene na ina fura-2 nyingi, majibu yote mawili yatapanda pamoja, na uwiano wao hautadanganya.

Lakini fura-2 inaingiaje? Ina chaji hasi ambazo utando wa seli, ulio wa mafuta, unazikataa. Mwaka 1981 Tsien alionyesha njia kwa vichunguzi vilivyotangulia: chaji hufunikwa kwa vipande vya kemia vinavyoweza kupita katika mafuta. Kikishaingia, vimeng'enya vya seli yenyewe hukata vifuniko hivyo, chaji zinarudi, na kichunguzi hakiwezi kutoka tena. Seli inakivua koti mgeni wake na kumfungia mlango, bila kutobolewa hata kidogo.

Mfano wa pili ni protini ya kijani ing'aayo, ambayo maabara huiita kwa herufi GFP. Asili yake ni yavuyavu, mnyama laini wa majini mwenye umbo la mwavuli. Ziwa Tanganyika lina aina yake ndogo ya maji baridi, lakini protini hii ilitoka kwa yavuyavu wa bahari ya Pasifiki, Aequorea victoria. Katika kiangazi cha mwaka 1961 Osamu Shimomura na wenzake walikusanya karibu yavuyavu 10,000 huko Friday Harbor, Marekani, ili kutafuta chanzo cha mwanga wao. Walipata protini inayotoa mwanga wa buluu ikikutana na kalsiamu, na pembeni yake nyingine inayogeuza buluu hiyo kuwa kijani. Katika istilahi yetu, ya kwanza inawaka, ya pili inang'aa.

Mwaka 1992 Douglas Prasher alitangaza jeni la protini hiyo ya pili. Mwaka 1994 Martin Chalfie na wenzake walionyesha kwamba jeni hilo likitiwa katika bakteria au katika mnyoo mdogo Caenorhabditis elegans, viumbe hivyo vinang'aa kijani, bila kuongezewa kitu kingine kutoka kwa yavuyavu. Protini ya kijani ina asidi amino 238 zilizojikunja kama pipa, na ndani ya pipa asidi tatu zinajiunganisha na kuwa sehemu inayong'aa. Zinahitaji oksijeni tu. Kwa hiyo mtaalamu anaweza kuunganisha jeni hilo na jeni la protini anayoitafuta, na seli yenyewe itatengeneza protini iliyokwisha kubeba taa yake. Shimomura, Chalfie na Tsien walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2008.

Mfano wa tatu ulitoka katika maabara ya Tsien mwaka 1997. Protini mbili zing'aazo, kila moja na rangi yake, ziliwekwa kwenye ncha mbili za protini inayojikunja ikishika kalsiamu. Kalsiamu ikija, ncha zinakaribiana. Zikiwa karibu vya kutosha, chini ya nanomita 10, ile iliyomulikwa inaipa jirani yake nguvu, na jirani ndiye anayeng'aa. Rangi inabadilika mbele ya macho. Watengenezaji walikiita kichunguzi hicho kinyonga, kwa jina la mnyama huyo katika lugha yao, kwa sababu hubadili rangi na ana kitu kama ulimi unaotoka na kurudi. Hapa Kiswahili hakihitaji kukopa: kinyonga ni kinyonga.

Mifano hii inaonyesha kwamba jina moja halitoshi. GFP iliyounganishwa na protini nyingine inafanana na kitambulisho tunachobeba mfukoni: inasema huyu ni nani na yuko wapi, wala haibadiliki. Fura-2 na kinyonga vinabadilika hali inapobadilika, kama kipimajoto. Ninapendekeza mpangilio huu:

– kichunguzi king'aacho: jina la jumla;
– rangi ing'aayo: kinachoshikishwa kwenye kilichokufa na kukaushwa;
– kitambulisho king'aacho: kinachobebwa na molekuli ili ijulikane;
– kiashiria king'aacho: kinachobadili mng'ao kikikutana na kinachotafutwa.

5. Sarufi inapokuwa sehemu ya sayansi

Kwa nini king'aacho na si kinachong'aa? Wanafunzi wengi huona kwamba aina hizi mbili za kirejeshi ni sawa, na kwamba ya kwanza ni ya kizamani tu. Hapa tofauti yake ni ya lazima. Kinachong'aa kina -na-: kinang'aa sasa. King'aacho hakina alama ya wakati: kinataja tabia. Kiashiria kilicho gizani, kikingoja kalsiamu, ni kiashiria king'aacho, lakini bado si kiashiria kinachong'aa. Kwa Kifaransa tungehitaji sentensi nzima kueleza hivyo.

Jambo la pili ni nyakati za kitenzi katika taarifa. Tuchukue sentensi tatu:

Protini imefika kwenye kiini.
Protini inafika kwenye kiini.
Protini hufika kwenye kiini.

Mtu aliyetazama picha moja ya seli iliyokaushwa ana haki ya kuandika sentensi ya kwanza tu. Anaona matokeo, safari yenyewe hakuiona. Aliyetumia kitambulisho king'aacho katika seli hai na kupiga picha kila sekunde chache anaweza kuandika ya pili. Hata kuongeza -ki- anaruhusiwa: protini ilionekana ikikaribia kiini. Sentensi ya tatu, yenye hu-, ni ya kanuni. Inamhitaji mtu aliyerudia jaribio katika seli nyingi na siku nyingi. Katika karatasi nilizosoma, hu- hutumiwa ovyo, wakati mwingine baada ya picha moja. Mwalimu wa lugha akisahihisha kosa hilo anasahihisha pia hoja ya kisayansi.

6. Mipaka ya kichunguzi

Kichunguzi si shahidi asiye na dosari. Kikimulikwa sana kinafifia na kufa. Mwanga mkali unaweza kuidhuru seli yenyewe. Kiashiria cha kalsiamu kinaishika kalsiamu, kwa hiyo kinaipunguza ile iliyo huru. Kikiwa kingi mno, kinaituliza seli tunayotaka kuiona ikifanya kazi. Na GFP si ndogo: protini iliyobebeshwa mzigo huo inaweza kuchelewa au kupotea njia.

Sisi wa isimu tunalijua tatizo hili. William Labov alionyesha kwamba tunataka kujua watu wanavyosema wasipochunguzwa, nasi hatuna njia ila kuwachunguza. Kinasasauti juu ya meza kinabadilisha usemi wa mzee, kama kiashiria kinavyobadilisha kalsiamu. Dawa yetu na ya wanabiolojia ni ile ile: kupunguza uzito wa chombo, kurudia kwa njia nyingine, na kulinganisha na wasiowekewa chombo.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba kazi ya istilahi ina hatua tatu: kuelewa kitu kinafanya nini, kutafuta vitenzi vinavyoeleza kazi hiyo, kisha ndipo kuunda nomino. Anayeanza na nomino huishia na sonda, na mtoto wa sekondari hurudi nyumbani akifikiri seli imewekewa mrija. Mapendekezo yangu yako wazi kwa marekebisho ya walimu na wanafunzi wenzangu, hasa wale wa kitivo cha sayansi watakaoyatumia.

Maswali ya kujadili

1. Kimulimuli anawaka, uzi wa noti unang'aa, kioo kinaakisi. Mwezi je? Toa sababu.
2. Tunga sentensi mbili zinazoonyesha tofauti kati ya seli zing'aazo na seli zinazong'aa.
3. Chukua taarifa moja ya maabara, kwa Kifaransa au Kiswahili. Onyesha kila mahali ambapo mwandishi ametumia wakati wa kanuni, na uamue kama ana ushahidi wa kutosha kwa -me-, kwa -na-, au kwa hu-.